Orodha ya Mpepai na Simu ya Shemeji

Jumatatu, 7 Julai 2025
Vita vimeanza. Mwenyekiti Nazari anataka chama chetu cha kahawa kinunue kompyuta kubwa, na feni yake, na chumba chake. Upuuzi! Kazi ya orodha ya wakulima na mashamba yao hujaa miezi mitatu ya mavuno. Miezi tisa kompyuta italala kama mgeni mvivu. Nikasimama kikaoni, mimi katibu Tobias, nikasema tukodi kompyuta za mbali kupitia mtandao. Huduma ya wingu. Kazi ikizidi, unaongeza nguvu siku hiyo hiyo. Ikipungua, unapunguza. Nikauliza nani hapa Mpepai amejenga kiwanda cha kukoboa kahawa nyuma ya jiko lake. Nazari akasema sawa, Katibu, lakini mkaguzi wa cheti cha ubora wa kahawa anakuja Alhamisi. Orodha ya mashamba isipoonekana, cheti kinaondoka, kahawa yetu inachanganywa na ya kila mtu, na ukatibu wangu unafuata. Vizuri. Napenda vita vyenye tarehe.

Jumanne, 8 Julai
Nimehamishia mtandaoni wakulima mia tatu na kumi na wawili. Asubuhi moja! Karani Hildegardi, ambaye huifunika kompyuta yetu ya zamani kwa kitambaa cha kufuma kama altare, akauliza kama nimebakiza nakala. Nikamjibu kuwa nakala ni ugonjwa wa waoga. Nikafuta kila kitu kwenye kompyuta yake, mbele ya macho yake.
Huduma inataka simu ya kupokelea namba za kuthibitisha. Yangu? Nimegombana na kampuni zote za simu. Laini nabadilisha kila mwezi, kwa msimamo. Ya Hildegardi? Kamwe! Nimeweka ya shemeji Frederick wa Lituhi, kando ya ziwa. Mvuvi. Mwaminifu. Siasa za kahawa hazijui.

Alhamisi, 10 Julai
Mkaguzi, Bi Eunice, kafika saa tatu. Nikaandika neno la siri kwa madaha. Mtandao ukasema namba imetumwa kwa Frederick. Nikampigia. Hapatikani! Nikampigia mkewe, dada yangu Herieth. Akasema shemeji yako yuko ziwani tangu jana anafuata dagaa wa usipa, na huko mtandao haufiki. Kwani kaka, ulidhani wavuvi wanavulia sebuleni? Dharau ya mdogo wangu wa mwisho! Nikaomba namba tena. Na tena. Mara kumi na moja. Bi Eunice akatazama saa, akafunga mkoba. Hapo Hildegardi akamkaribisha kwake: ugali, maharage, kitanda cha wageni, aondoke kesho mchana. Hila ya wazi ya kunipokonya utukufu.

Ijumaa, 11 Julai
Saa mbili asubuhi Frederick kapiga, anafoka kuwa simu yake imeingiwa na wazimu. Akanisomea namba zote kumi na moja, kama litania. Nikaziandika zote. Nikazijaribu zote. Zote zimekwisha muda. Hildegardi akaniomba niinuke kwenye kiti. Akamsihi Frederick asitie mguu mtumbwini, akaomba namba mpya, akasomewa, pakafunguka. Dakika moja!
Na orodha ipo! Hakuna mkulima aliyepotea. Bi Eunice akataka na ramani ya kila shamba, mpaka linapopakana na ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mahindi mlimani. Tukaongeza nguvu kwa kubofya tu. Kwa saa moja zote zimetoka. Kompyuta ya kitambaa ingemaliza Krismasi. Jioni tukapunguza. Cheti kimebaki! Nilisema! Jumatatu nilisema!

Jumatatu, 14 Julai
Kamati imekaa. Wingu limepita kwa kura zote. Ukatibu wangu umepita kwa tofauti ya kura moja, na hiyo niliipiga mwenyewe. Lakini simu ya kuthibitishia sasa ni ya Hildegardi, na kila Ijumaa atabakiza nakala. Uasi! Nazari akasema, Katibu, wewe jaza tu namba ya akiba, ya siku simu ya Hildegardi ikipotea. Na tafadhali, safari hii awe mtu wa nchi kavu.
Nimetafakari mchana kutwa. Nimeweka ya binamu William wa Lipingo. Hajawahi kupanda mtumbwi maishani. Mtu makini sana: simu yake huizima Jumatatu hadi Jumamosi, betri isichoke.