Pikapu Moja, Safari Kumi na Tisa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mimi nina nyota ya jaha. Ofisi ya barabara inaleta karani wa kuhesabu magari, na katika kijiji kizima nimechaguliwa mimi kumpokea. Barabara yenye magari mengi ndiyo itakayopewa fedha za serikali. Yetu hupitisha mawili kwa siku, moja likisukumwa. Mke wangu ana shamba zima la nyanya. Kwa mashimo ya barabara hii hufika sokoni zimeshakuwa uji. Amesema safari hii zikiharibika, nami nitafute pa kulala. Nimemwambia mama watoto atulie, ana mume mwenye akili.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwendea shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye pikapu pekee hapa. Mpango: apite mbele ya karani, arudi kwa njia ya ng'ombe nyuma ya kilima, apite tena. Akasema mashimo yatamvunjia springi. Basi nusu ya kijiji tumeshinda tukifukia mashimo. Mimi nilisimamia. Kusimamia nako kunachosha.

Alhamisi, tarehe 7

Karani kakaa chini ya turubai na daftari lake. Shemeji kapita mara kumi na tisa. Mara na magunia, mara na mbuzi, mara kavaa kofia ya mkewe. Kufika alasiri mbuzi yule alikuwa akimtazama karani kama jamaa yake. Safari ya mwisho mke wangu akapakia nyanya, akaenda zake sokoni. Hata kuniaga hakuniaga.

Jumatano, tarehe 13

Jibu limefika. Karani kaandika kwamba magari ni mengi na yanapita bila taabu, kwa hiyo barabara haihitaji kitu. Fedha zimekwenda kijiji cha ng'ambo, ambako gari la karani lilizama mpaka milangoni. Wavivu wale, hawakufukia hata shimo moja.

Shemeji kaniuliza, haya bwana akili, sasa? Nikamjibu mvumilivu hula mbivu. Akasema mbivu dada yake ameshaziuza.

Kweli. Kapeleka mara tatu, haijapasuka hata moja. Leo kaniongezea chai bila kuombwa. Roho yangu kwatu.

Ila kosa nimeliona: tuliyafukia. Karani anarudi mwakani. Kesho nanoa jembe, nayafukua yote, na mawili ya ziada. Mama watoto bado sijamwambia.

Na ile ya kuchaguliwa, hakuna aliyenichagua. Tangazo la kutafuta mwenyeji lilibandikwa mlangoni mwa zahanati. Nililibandua kabla wengine hawajalisoma.