Masharti ya Dawa ya Kukumbuka

Siku Gordon Wakoli alipogeuka kuwa daktari, alikuwa ameamka asubuhi akiwa muuza sumu ya panya. Kwa viwango vyake hiyo ilikuwa biashara halali kabisa, isipokuwa panya wa Nyalenda waliila ile sumu wakanenepa, na wateja walikuwa wakimtafuta. Ndiyo maana alijibanza kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko la Kibuye mjini Kisumu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akitafakari maisha. Kwa maneno mengine, alikuwa akitafakari ni nani atamlipia mandazi.

Kwenye benchi la mbele yake aliketi Zeituni, muuza vitenge wa Nyamasaria, akimweleza mwenzake mambo ya mama mkwe wake. Bibi huyo alitia chumvi kwenye chai. Aliuliza swali lile lile kutoka asubuhi hadi jioni. Juzi alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akapatikana stesheni akingoja gari la moshi limlete mumewe, na mumewe alizikwa zamani. Zeituni hakuwa akisengenya. Alikuwa amechoka, na alimpenda yule mzee, na mambo hayo mawili yalikuwa yakimpasua. Alisema kama kungekuwa na dawa ya kumrudishia mama kumbukumbu, yeye angeuza hata cherehani.

Tusimsingizie Gordon, huruma alikuwa nayo. Ila huruma yake ilikuwa na masikio, na masikio yalisimama kwenye neno cherehani. Mandazi yalipokwisha, Kisumu ilikuwa imepata daktari wa ubongo, msomi wa ng'ambo. Ng'ambo ipi, ilitegemea nani anauliza.

Dawa yenyewe ilikuwa chai ya rangi, molasi ya miwa, tangawizi na pilipili, kwa sababu mtu wa huku haamini dawa isiyomchoma. Aliijaza kwenye chupa za soda akaziziba kwa magunzi. Lakini ujanja wa Gordon haukuwa ndani ya chupa, ulikuwa kwenye masharti. Muuza dawa asiye na masharti anangoja kupigwa tu. Mwenye masharti hulala bila wasiwasi, maana dawa ikigoma, aliyekosea ni mgonjwa.

Basi akakaa akabuni masharti ambayo hakuna binadamu angeyaweza. Mzee atembee kila alfajiri hadi mtoni na kurudi, na anayemtunza atembee naye. Ale samaki na mboga za kienyeji, aache sukari na tumbaku. Kila jioni acheze ajua, ule mchezo wa mbegu na mashimo, pamoja na mtu wa nyumbani, na mtu huyo asikasirike. Alale mapema. Asiachwe peke yake kutwa nzima. Ukivunja hata moja, dawa inageuka maji. Gordon aliyasoma tena akajipongeza, kwa sababu hakumjua mke yeyote ambaye angeamka gizani kutembea na mama mkwe.

Kilichobaki ni mgonjwa wa kuonyesha watu, na huko huko Nyamasaria kwa kina Zeituni alikuwapo mgonjwa mwingine.

Mama Perez alikuwa mjane mwenye boma kando ya barabara ya Nairobi. Mwanawe wa pekee, Ochieng, alikwenda Jinja kutafuta kazi akiwa kijana, akaoa huko, akapeleka habari nyumbani kwamba amepata mtoto, kisha akafa katika vita vya Uganda. Mtoto huyo hakuna mtu wa Nyamasaria aliyewahi kumwona. Kwamba Mama Perez amepoteza kumbukumbu, hilo kila mtu alilijua, kwa sababu Ogola, mtoto wa shemeji yake, alilitangaza kanisani, baa na penye kinu cha posho. Na kweli mama alishamwamkia mchungaji kwa jina la muuza nyama, mara mbili.

Ogola alisema kwa sauti kubwa kwamba atamhamishia mama Sondu kwa dada yake, apate kutunzwa. Kwa sauti ndogo alizungumza na tajiri mmoja aliyetaka kujenga kituo cha petroli pale pale kwenye boma. Desturi ilikuwa upande wake. Boma lisilo na mwanamume wa nyumba hiyo husemewa na watoto wa ndugu, na wazee wa ukoo walikuwa wamekubali kukaa Jumamosi waamue. Mama Perez alikuwa amemzika mumewe katika boma lile na alitaka kuzikwa ubavuni mwake. Hakutaka kitu kingine duniani, na wiki hiyo alikuwa amelia.

Gordon alimkuta mlangoni akichambua omena, kila samaki akimleta karibu na pua kabla ya kumtupia kwenye ungo. Akamwamkia kwa adabu zote, akaeleza mpango. Jumamosi, mbele ya wazee, mama atakunywa dawa na kukumbuka mambo. Watu watanunua dawa, wazee wataona kwamba mama ana akili timamu, na yeye Gordon atamwachia sukari na majani ya chai.

"Nikumbuke nini, daktari?" akauliza Mama Perez.

"Vile nitakufundisha. Mwalimu wako wa kwanza. Ule mwaka ziwa ilifurika."

"Na nikikumbuka na kitu ingine?"

Gordon akacheka. "Ukikumbuka zaidi, Mama, hiyo ni faida yangu."

Mama akamuuliza kwao ni wapi na watu wake ni nani. Gordon akasema hana watu, alilelewa na barabara, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilosema wiki hiyo. Mama akamuuliza tena kama anajua kulima. Gordon akamsikitikia. Aliona ugonjwa umefika mbali kuliko alivyodhani.

Jumamosi watu walijaa mbele ya kinu cha posho. Wazee waliketi kwenye viti vya kanisa, Mzee Oduor, mkubwa wa ukoo, katikati, na Ogola nyuma yake amevaa suti. Gordon alihutubia. Alieleza ubongo unavyopata kutu, akawafanya watu wazima washike vichwa vyao kwa wasiwasi, akayataja masharti mara mbili ili baadaye asilaumiwe. Kisha akamnywesha Mama Perez. Pilipili ikafanya kazi yake, mama akakohoa, machozi yakamtoka, na umati ukavuta pumzi.

Akaanza kukumbuka. Alimtaja mwalimu wake na fimbo ya mwalimu. Alitaja mwaka wa mafuriko na ni nyumba za nani zilizobebwa na maji. Alimkumbusha Mzee Oduor jinsi alivyoanguka kwenye tope siku ya harusi yake mwenyewe, jambo ambalo Gordon hakumfundisha na ambalo Mzee Oduor alitamani libaki limesahauliwa. Chupa zikaanza kugombaniwa. Zeituni alikuwa wa kwanza kununua. Kikapu cha Gordon kikajaa noti, na uso wa Ogola ukapauka.

Hapo Mama Perez akainua mkono. "Bado," akasema. "Kuna ingine inakuja."

Akamsogelea Gordon, akamshika kichwa kwa mikono miwili inayonuka omena. Vidole vyake vikapapasa nyuma ya masikio, vikasimama penye kovu ambalo mteja mmoja wa sumu ya panya alikuwa amemwachia.

"Huyu ni damu ya Ochieng," akasema. "Huyu ni nyakwara, mjukuu yangu wa Jinja. Ochieng aliniambia mtoto alichomeka nyuma ya sikio. Angalieni hapa."

Mzee Oduor akainuka, akaangalia, akaliona kovu. Ndipo Ogola akasukuma viti akaja mbele, na kwa hasira akauliza swali ambalo angeliacha kama angefikiri kidogo.

"Daktari, wewe sema mbele ya watu. Huyu mama amepona ama hajapona?"

Mpenzi msomaji, tumpe Gordon nafasi ya kufikiri, kwa kuwa watu wale hawakumpa. Akisema mama amekosea, basi dawa haifai, na mbele yake wamesimama wanunuzi walioshika chupa za kioo kwa shingo, baadhi yao wavuvi wenye mikono minene. Akisema mama amepona, basi yeye ni mtoto wa Ochieng na mjukuu wa Mama Perez. Aliziangalia chupa. Kisha akaliangalia boma, lango lake, barabara inayopita mbele yake, akakumbuka kile kituo cha petroli. Mjukuu hurithi. Ghafla moyo wake ukajaa mapenzi ya nyumbani.

"Amepona," akasema. "Amepona kabisa." Akafuta chozi lisilokuwapo, akamkumbatia mama. "Dani," akamwita, kama wajukuu wa huko wanavyoita bibi zao.

Vigelegele vikapigwa hadi barabarani. Mzee Oduor akatangaza kwamba boma lina mwenyewe na shauri limekwisha. Kisha, akiwa mtu wa desturi, akaongeza kwamba mtoto akirudi kutoka mbali, jasho lake la kwanza huwekwa mkononi mwa bibi yake apate baraka. Macho yote yakaenda kwenye kikapu. Gordon alikitoa huku akitabasamu, akiamini kwamba baraka ikishatolewa kitarudi. Mama Perez akakipakata, na hicho ndicho kitu cha pekee ambacho amewahi kusahau maishani mwake, kukirudisha.

Majirani hawakumpa Gordon muda wa kupumua. Kijana wa nyumba anahitaji simba, yaani nyumba yake karibu na lango, nao walileta nguzo na udongo wakaisimamisha huku wakiimba. Gordon alilala humo akipiga hesabu za petroli. Angevumilia kidogo, amtafute yule tajiri, auze, apotee.

Alfajiri mlango ukagongwa. Mama Perez alikuwa nje na fimbo yake.

"Daktari," akasema, "masharti."

Wakatembea hadi mtoni na kurudi. Kesho yake tena. Na hawakuwa peke yao, maana Gordon alikosea jambo moja kuhusu watu wa Nyamasaria. Mtu akishalipia dawa kwa pesa yake, hawezi kukubali igeuke maji kwa ajili ya uvivu. Wake waliamka gizani, wakawashika mkono mama wakwe zao, vijana wakawashika babu zao, na njia ya mtoni ikajaa wazee wanaogombana juu ya mambo ya zamani. Jioni kila ua ulikuwa na mbegu zinazogonga ubao. Sukari ikalala dukani.

Asubuhi moja Zeituni alitembea kando yake, mama mkwe mbele yao akimhadithia mtu habari za gari la moshi.

"Hajapona, daktari," Zeituni akasema. "Bado ananiuliza ile swali. Lakini analala usiku, anacheka, na akiamka hakimbii stesheni, ananingoja mimi. Tumerudi kuwa marafiki. Nilitaka tu kukuambia asante."

Gordon alizoea kushukuriwa kabla dawa haijajaribiwa, hakuwa amezoea kushukuriwa baada yake. Aliona haya. Alimwambia Zeituni aache ile chupa, aendelee na mengine yote, akaharakisha mbele asije akaulizwa sababu.

Hata hivyo tabia haihami kwa kutembea mtoni. Alimpata yule tajiri, wakaelewana, ikabaki kauli ya bibi. Jioni hiyo Gordon alikaa mbele ya ubao wa ajua, mgongo unamuuma kwa kulima shamba la mtama. Juu yao mabati mapya yaling'aa, na juu ya pua ya Mama Perez ilikaa miwani mipya. Kikapu cha baraka kilikuwa kimetumika vizuri. Mama alikuwa akimshinda kama kila jioni, akijua kila mbegu ilipolala.

Gordon akakohoa. Akasema kwamba yeye sasa ndiye mwanamume wa boma, na boma hili lina bei nzuri, na mjini kuna nyumba zenye bomba ndani.

Mama Perez akasambaza mbegu zake hadi shimo la mwisho, akazikusanya za Gordon.

"Mtoto wa Ochieng ni msichana," akasema.

Gordon akabaki ameshika mbegu moja hewani.

"Anaitwa Anyango. Ni mwalimu huko Jinja. Hapa nilijua mimi peke yangu, nikafunga mdomo, kwa sababu Ogola angesikia ni msichana, saa hii mimi niko Sondu. Nilikuwa nataka mwanaume. Halafu wewe ukakuja mlangoni, huna watu, na mdomo unayo."

Gordon akamuuliza ilikuwaje basi akamwita mchungaji jina la muuza nyama.

"Hiyo ilikuwa macho, si akili. Kwa mbali wote ni wanene."

"Na mimi nikienda kwa Mzee Oduor nimwambie ukweli?"

"Enda. Mwambie na dawa inapikwa na nini."

Lango lilikuwa wazi, barabara iko pale pale, na malori yalikuwa yakipita kwenda Nairobi. Gordon aliliangalia lango kwa muda. Jikoni mboga ya osuga ilikuwa ikichemka, na mtu mmoja njiani akapaza sauti kumtakia daktari usiku mwema. Akashusha ule mkono wake, akaitupa mbegu shimoni.

"Huyo Anyango," akauliza, "anajua ako na ndugu?"

"Nimemtumia habari na watu wa Busia. Anakuja Krismasi." Mama Perez akasukuma miwani juu ya pua, akamwangalia vizuri. "Ameuliza kama unajua kulima. Nimemwambia unajifunza."