Hati Safi ya Rudell Mobley

Bi. Maxine Ostrander alifungua droo ya kwanza akakuta taulo. Akafungua ya pili akakuta mishumaa na betri. Ya tatu ilikuwa na dawa ya mende. Alikuwa anatafuta kijiko cha kukorogea chai ya barafu, jikoni mwake mwenyewe, na kila droo ilipofunguka, moyo wa Rudell Mobley ulipiga makofi.

"Akili zinahama, mwanangu," alisema bibi huyo, akakoroga kwa uma.

"Pole sana, mama," Rudell akajibu, kwa ile sauti aliyoitunza kwa ajili ya misiba na wajane.

Alikuwa amekuja kwa habari ya paa. Msimu wa vimbunga ukiingia, wakaguzi wa paa huota Florida kama uyoga, na Rudell alikuwa uyoga mmojawapo: shati la bluu, ngazi ya kuazima, na jina la Preston Vandiver alilolisoma kwenye kaburi huko Ocala akalipenda. Kwa kawaida angepanda juu, ang'oe vigae kwa mikono yake, ashuke na uso wa huzuni, kisha adai malipo ya kuvirudisha. Lakini mtu aliyemwona ng'ombe mzima amelala njiani hahangaiki na kikombe cha maziwa.

"Paa lako ni zima kabisa, mama. Kinachovuja ni karatasi zako."

"Karatasi zipi tena?"

"Kimbunga kikija ukalazwa hospitali, nani atakusainia bima? Nani atauza hiki, alipe kile? Una watoto?"

"Nilikuwa na paka, naye kahamia kwa jirani."

"Basi unahitaji hati ya uwakili. Unateua mtu mwaminifu, anasaini badala yako, kama vile umesaini wewe."

Bi. Maxine alimtazama kwa macho ya majimaji. "Na mtu mwaminifu nitampata wapi, mwezi huu wa Agosti?"

Rudell aligeukia dirisha asije akacheka. Mtaa wote wa wastaafu wa Heron Glades ulikuwa kimya. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati ya dhoruba. Wenye nyumba walishakimbilia kaskazini kwenye ubaridi, na hawangeonekana mpaka Novemba. Hakuna jirani wa kuchungulia, hakuna mpwa wa kuuliza maswali. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha, na bucha lenyewe lina kiyoyozi.

Tatizo la Rudell maishani halikuwa ukosefu wa ujanja. Lilikuwa uvivu. Aliacha shule mapema akiamini kusoma ni kwa watu wasiojua kuongea, na imani hiyo ilimfikisha jela ya kaunti, siku alipogonga hati ya bandia kwa muhuri aliouchonga kwenye kiazi. Kiazi chenyewe kilikuwa kizuri, wala yeye hakulaumu kiazi. Ila joto la mahakamani lilipopanda, ile hati ilianza kunukia kama chipsi, na hakimu alikuwa hajapata chakula cha mchana. Jela walimwita Kiazi. Alipojitazama kwenye kioo cha bafuni, alikubali kwamba jina limemkaa.

Safari hii, alijiapiza, kila kitu kitakwenda kwa sheria ya jimbo. Aliingia maktaba ya mji, mahali alipopaogopa kuliko jela, akasoma mpaka midomo ikachoka. Mwenye mali lazima awe na akili timamu siku ya kusaini. Wawepo mashahidi wawili wanaoiona kalamu ikitembea. Awepo mthibitishaji mwenye muhuri wa kweli, usiopikika. Mamlaka mazito yawekewe alama ya mkono pembeni, moja moja. Na kama unataka hati iishi hata mwenyewe akichanganyikiwa, lazima iseme hivyo waziwazi, la sivyo akili ikifa na hati inakufa. Rudell alitoka humo kifua mbele. Kumbe kuiba kihalali kuna raha yake! Laiti mwalimu wake wa darasa la nane angemwona.

Basi akawa anamfundisha bibi kuonekana mzima.

"Mthibitishaji akikuuliza leo ni siku gani?"

"Siku ya kanisa."

"Alhamisi, mama."

"Kanisa letu lina Alhamisi."

"Na hii karatasi ni ya nini?"

"Ya paa."

Rudell alifuta jasho. Lakini kila alipokata tamaa bibi huyo alipata jibu moja sawasawa, kama kuku kipofu anayebahatika kudonoa punje, naye akapata nguvu ya kuendelea.

Usumbufu pekee ulikuwa gari-nyumba lake. Rudell aliishi humo, kitanda nyuma, jiko katikati, na mapazia ya maua ambayo marehemu mama yake aliyashona kwa mkono. Alimwachia gari hilo kwa wosia, na ndicho kitu pekee duniani alichokipata bila kumdanganya mtu. Ndoto yake ilikuwa kuliegesha kando ya ziwa fulani huko Georgia na kuzeeka ndani yake akivua samaki. Sasa kamati ya Heron Glades haikuruhusu gari-nyumba kuonekana mbele ya nyumba ya mtu. Magari ya namna hiyo yalilazwa kwenye ua ulio nyuma ya geti, na funguo zilitundikwa kibandani kwa mlinzi, Hollis, jitu zito lililokula karanga za kuchemsha tangu asubuhi hadi jioni.

"Sheria ni sheria, bosi," Hollis alimwambia. "Funguo anapewa mwenye gari, au mwenye karatasi yake."

"Napenda sana watu wa sheria," alisema Rudell, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa anadanganya.

Siku moja kabla ya kusaini, Bi. Maxine aligoma.

"Sisaini."

"Mama! Kwa nini tena?"

"Wewe nawe umeandika ya kwako? Unalala ndani ya bati, peke yako, kimbunga kinakuja. Ukiangukiwa na mti nani atakusainia?"

"Mimi bado kijana, mama."

"Kijana wa wapi, na kitambi hicho? Mpishi asiyeonja chungu chake, mimi sili kwake. Tupeane. Wewe wakili wangu, mimi wakili wako. La sivyo nenda kakague paa za watu."

Rudell alifikiri kwa muda wa kumeza mate. Huyu ni mtu anayekoroga chai kwa uma. Atamfanya nini? Akikabidhiwa uwakili leo, kesho atatafuta hati kwenye dawa ya mende.

"Kwa heshima yako, mama," alisema, akaenda kutoa nakala ya pili.

Mthibitishaji, Bi. Yolanda Arrieta, alifika na begi la ngozi, akaketi karibu na bwawa la kuogelea. Mashahidi walikuwa Hollis na Tavio, msafisha bwawa, aliyekuja na wavu wake wa majani begani.

"Vitambulisho," alisema Bi. Yolanda.

Hati halali inataka jina halali. Rudell alitoa leseni yake polepole, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari.

"Rudell?" Bi. Maxine akashangaa. "Si ulisema Preston?"

"Preston ni jina la kazini, mama."

"Sawa tu. Kila mtu na la kazini kwake."

Bi. Yolanda alimgeukia. "Bibi, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Hati hii inafanya nini?"

"Inampa huyu bwana mamlaka juu ya mali yangu yote, kuanzia sasa hivi, hata nikirukwa na akili, mpaka nife au niifute. Nayo ya pili inanipa mimi hayohayo juu yake. Nimeweka alama pembeni mwa kila kipengele kizito. Naye aweke, usije ukaturudisha hapa."

Tavio aliacha wavu wake ukadondoka. Rudell alijisikia fahari ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu kupita kiasi, akaweka alama zake zote, moja moja, kwa mwandiko wa kujivunia.

Kesho yake alipanda teksi kama bwana mkubwa hadi ofisi ya ardhi ya kaunti. Karani aliisoma hati mbele na nyuma.

"Safi. Kusema kweli, sijaona safi kama hii."

Rudell aliona haya kwa furaha. "Nimeiandaa mwenyewe."

"Lakini nyumba unayotaka kuuza ni ya akina Lindqvist, wa Michigan."

"Si ya Bi. Ostrander?"

"Hana hata kibanda cha mbwa kaunti hii. Labda anawatunzia nyumba. Si unajua mambo ya Agosti?"

Alijua! Alizaliwa Florida, alikulia Florida, na hata watoto wa Florida wanajua kwamba anayebaki ndani ya nyumba nzuri mwezi Agosti ni mtu aliyeachiwa funguo ili amwagilie maua. Hakuna asiyejua kijiko kilipo jikoni mwake. Ni jiko la watu ndilo halijulikani. Rudell alijipiga kofi la kipaji cha uso pale pale ofisini, na karani akamwonyesha mlango kwa upole.

Ua wa nyuma ya geti ulikuwa mtupu. Mahali pa gari-nyumba palikuwa na mraba wa nyasi zilizopauka.

"Kachukua bibi," Hollis alisema, akitafuna.

"Ukampa?"

"Alikuja na hati. Sasa mimi nitaikataaje, bosi, na shahidi ni mimi mwenyewe?"

Simu ya Rudell ikalia.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Bi. Maxine, kavu, isiyo na majimaji hata tone. Nyuma yake ilisikika injini aliyoijua kuliko mapigo ya moyo wake. "Kimbunga kinakuja, na wakili mwaminifu hulinda mali ya aliyemteua. Nimeitoa njiani."

"Mama, lirudishe! Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Uwaeleze tulivyokutana. Anza na paa."

Rudell aliketi juu ya ule mraba wa nyasi zilizopauka.

"Mapazia haya mazuri. Nani kashona?"

"Mama yangu," alisema Rudell.

Upande wa pili injini ilipunguza mwendo. "Nitayafua kwa mkono, basi. Nawe sikukuacha hivihivi. Kigari cha gofu kilichoko barazani ni changu, nilikinunua kwa halali. Una hati. Kitumie."

Simu ikakatika.

Mvua ya kwanza ya kimbunga ilimkuta ndani ya kigari hicho cheupe, kisicho na milango, akielekea getini kwa mwendo wa mgonjwa. Hollis alitoka kibandani, kofia ya plastiki kichwani, akanyanyua mkono.

"Kigari cha gofu hakitoki kwenda barabara kuu, bosi. Sheria."

"Ninayo hati!" Rudell alipiga kelele, akiipeperusha ikilowa.

"Najua unayo. Nimeisaini."

Rudell aligeuza. Alipofika kwenye bwawa, betri ikafa. Tavio, aliyekuwa anafunga viti kwa kamba, alimtazama akishuka, akikunja suruali, akiweka bega nyuma ya kigari.

"Unasukuma cha nani, Kiazi?" Hollis aliuliza kwa mbali. Inaelekea bibi alikuwa ameshauliza habari zake mji mzima, akamsimulia na mlinzi.

Rudell hakuinua kichwa. Alisukuma, kwa niaba ya Bi. Maxine Ostrander, kwa mamlaka kamili ya kisheria.