Kii ya Mashine ya Ufuta

Njinjo, Jumatatu, 2 Juni 2025
Mwanangu Alfani kapiga simu. Sikukuu ya Idi haji, kazi zimembana Dar. Nikasema sawa baba, kazi kwanza. Karakana nzima inamtegemea mwanangu. Kichwa karithi kwangu, mimi niliyeishia la saba.

Jirani Biasha akaniuliza kama mtoto anakuja. Nikasema anakuja. Sasa lazima aje.

Jumanne, 3 Juni
Njia imepatikana. Mashine yangu ya kukamua ufuta aliifunga yeye. Alinionya: mama, ikikwama usiirudishe nyuma kabla haijasimama kabisa. Puli nzito bado inakwenda huku, mota inavuta kule, na kinachoshikanisha puli na shafti, ule mhimili wa kati, ni kii tu, kile kipande cha chuma kama kidole. Kitakatwa.

Nikaiacha ikolee mwendo. Nikageuza swichi. Ikalia kama mbuzi wa Idi. Puli inazunguka, shafti tuli. Alhamdulillahi.

Nikampigia, kwa sauti ya mgonjwa.

Jumatano, 4 Juni
Kamtuma Clemence, fundi baiskeli wa hapa hapa. Shikamoo mama, marahaba, kii mpya imeingia kabla chai haijachemka. Biasha akapita, akauliza ndiye huyo mgeni wa Idi?

Alhamisi, 5 Juni
Kii ya Clemence imebana, haikatiki. Nikalegeza skrubu kidogo. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ikaanza kucheza kwenye mfereji wake, inagonga ubavu huu, inagonga ule, mpaka ikakatika na mfereji umepanuka. Hii Clemence haiwezi.

Alfani kapiga ya video, nimulike aone. Tumeongea nusu saa, habari za kii tu. Tangu mwaka jana hatujaongea nusu saa. Akauliza, mama, umeigeuza ghafla? Nikasema panya.

Jumamosi, 7 Juni, Idi
Nimepika pilau sufuria kubwa. Basi la Liwale litokalo Dar likapiga honi. Nikatoka na kanga mpya, Biasha anachungulia. Kondakta kanikabidhi boksi. Ndani shafti mpya na kii yake, na swichi aliyoitengeneza mwanangu mwenyewe: ukigeuza, inasubiri mashine isimame ndipo irudi nyuma. Na karatasi: Mama, sasa hutapata shida tena, hata nisipokuja.

Nikamwonyesha Biasha. Nikamwambia mwanawe Idd hawezi hata kubadili balbu. Akasema kweli, hawezi. Kisha akamwita Idd aje kula.

Pilau nimekula peke yangu. Iliyobaki nimefunika.

Jumapili, 8 Juni
Clemence kafunga kila kitu. Alipoondoka nimegeuza ghafla mara tisa. Swichi inasubiri kwa adabu, kama mkwe. Mwanangu ana akili mpaka inakera.

Mchana nimekwenda kuikagua pampu ya kisima. Nayo ina kii. Haina kurudi nyuma, lakini nimemuuliza Clemence ni waya gani ukibadilishana na upi mota inazunguka kinyume.