Nyaboth na Ng'ombe wa Kuchovya

Sogeeni, enyi watu wa Juba, wa Custom na wa Hai Malakal, enyi mnaopanda boda kabla ya kuuliza bei na kugombana mkishafika! Zimeni redio, tueni vikombe, na mbuzi aliyekata kamba mwacheni aende atakako. Nawasimulia vita vilivyopiganwa pale yanaposimama mabasi ya Kampala, katika mwaka wa tatu tangu amani kutiwa saini, vita visivyomwaga tone la damu, ila chai ilimwagika nyingi, na silaha yake kuu ilikuwa sumaku isiyozidi andazi kwa ukubwa.

Katika uwanja ule alitawala Daphine, binti wa Masaka, Malkia wa Kikaango, Mwenye Vidole Visivyoogopa Moto. Chapati zake zilijulikana mpaka New Site. Na kwa kuwa abiria wengi walikuwa wakirudi Uganda, yeye aliweka ndani ya kopo la siagi sarafu za shilingi mia za kwao, zile zenye ng'ombe wa pembe ndefu, akiwapa kama chenji wapate kununua maji na kuingia choo wakishavuka mpaka wa Nimule. Wasafiri wakambariki kwa jambo hilo, na wengine walimkumbuka zaidi kwa choo kuliko kwa chapati.

Hatua kumi kutoka kwake kilisimama kibanda cha Nyaboth, fundi wa redio, Mfufua-Sauti, mzaliwa wa nchi hii aliyelelewa Nakuru na kurejea na sanduku moja la vifaa. Na hapo ndipo balaa lilipozaliwa.

Siku ya Jumatatu alifika Kizza, mwendesha boda, Mpasua-Vumbi, Simba wa Honi, akitaka redio ya pikipiki yake itengenezwe. Akamwaga mezani chenji aliyopewa na Daphine, na tazama! Sarafu moja ikaruka kama panzi, ikagandama kwenye sumaku ya spika iliyokuwa imefunguliwa. Kizza akaisogeza nyingine karibu. Ikalala kimya, haikujali. Nyaboth alicheka, akasema, "Ona, moja ina njaa," kisha akarudi kwenye nyaya zake.

Kizza hakucheka. Mwezi uliotangulia abiria mmoja alimlipa noti bandia, na stendi nzima ikamzomea siku tatu. Kwa hiyo akaichukua ile sarafu iliyonata, akaikwangua ukingo kwa tupa. Weupe ukatoka, chini yake pakaonekana peusi. Asubuhi ya pili jeraha lile lilikuwa limeota kutu. Akapanda juu ya kiti cha pikipiki yake, akapiga honi mara tatu, akahutubia mataifa.

"Watu wa Custom! Mimi iko hapa miaka mbili. Mimi nabeba nyinyi kwa mvua, nabeba nyinyi kwa vumbi. Leo mimi naona kitu. Hii ng'ombe ya Daphine inashika sumaku, hii ingine inakataa. Ng'ombe mbili, sura moja, roho tofauti! Pesa ya kweli inaota kutu? Nani anapika pesa hapa pamoja na chapati?"

Maneno yale yakaenea kama moto wa nyasi kavu. Kufika adhuhuri, safu nzima ilikuwa imemgeuzia Daphine mgongo. Chapati zake zikapoa, zikakakamaa, zikalia kavu zilipogongana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa chai kwake tangu mwaka wa kwanza alipita akiangalia viatu vyake.

Ndipo akaitwa Aleer, muuza nyama, mwenyekiti wa safu ile, mrefu kama mlingoti na mzito wa kusema. Akafuta kisu, akasikiliza pande zote.

"Ya jamaa," akasema, "mambo ya sumaku mimi sijui. Lakini soko ambalo watu wanaogopa chenji, hilo si soko, ni mkutano tu. Bibi yetu, Nyabo Daphine, nakupa mpaka Ijumaa, basi la Kampala likifika. Kama hakuna mtu wa kukusafisha, kalas, imekwisha, utahamisha jiko."

Daphine hakuhutubia. Alikuwa ameshika kopo lake la siagi kwa mikono miwili. "Mwenyekiti," akasema, "mimi naamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Jioni naosha sufuria mpaka mgongo unakataa. Hiyo pesa ningeitengeneza saa ngapi?"

Nyaboth aliyasikia hayo, na kicheko chake cha Jumatatu kikamchoma kifuani. Akamwomba Kizza sarafu mbili, ile yenye jeraha na nduguye asiyejali, akajifungia nazo kibandani. Akazitazama kwa lenzi ya ufundi. Akaona ukingoni mwa ile iliyojeruhiwa ngozi nyeupe, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani yake chuma kitupu. Akakumbuka hereni za dhahabu ya kuchovya alizowahi kununua Nakuru, ambazo baada ya mwezi mmoja zilimwachia masikio ya kijani. Akatazama mwaka uliochongwa. Ile isiyonata ilikuwa ya zamani, inayonata ilikuwa ya juzijuzi.

"Si bandia," akajiambia. "Ni ya kuchovya." Lakini nani angemwamini fundi wa redio? Akachukua simu, akampigia Shem, kondakta wa basi la Kampala.

"Shem, kabla hujatoka huko pitia benki. Chukua pakiti moja ya mia-mia, nitakurudishia. Lakini usiifungue. Hata basi likipinduka, usiifungue!"

"Dada," Shem akajibu, "basi likipinduka nitakuwa na mambo mengine ya kufikiria."

Kisha Nyaboth akasimama mbele ya safu, akapaza sauti. "Jamani, hiyo pakiti itafunguliwa hapa mbele yenu. Benki yenyewe ndiyo imeifunga. Kama hamna ndani yake hata sarafu moja inayonata, basi mimi ni muongo, na kibanda changu kitahama pamoja na jiko la Daphine." Watu wakaguna kwa mshangao. Lakini moyoni hakuwa na hakika hata kidogo.

Ijumaa ikawadia. Basi lilitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, saa sita jua likawasimamia utosini na hakuna aliyeondoka. Wauza nyanya waliacha nyanya. Madereva wa boda walikataa abiria, jambo ambalo halijawahi kuonekana Juba. Daphine alikaa kando ya jiko lisilo na moto, nguo zake zikiwa tayari zimefungwa kwenye kanga.

Saa saba na robo vumbi likatokea, na ndani ya vumbi basi, na mlangoni mwa basi Shem, mwekundu wa udongo kutoka nyusi mpaka kandambili, ameinua pakiti juu kama bendera. "Haijafunguliwa!" akapiga kelele. "Nimelala nayo kwenye soksi!"

Aleer akaikagua. Muhuri ulikuwa mzima. Akaikata kwa kisu kilekile cha nyama, sarafu zikamwagika juu ya gunia, na Nyaboth akashusha sumaku.

Ya kwanza haikutikisika.

Ya pili nayo ikalala kama maiti. Kizza akapiga honi, na nusu ya umati ikashangilia. Daphine akafumba macho. Jasho lilimtiririka Nyaboth mpaka kwenye kidevu, lakini mkono wake, mkono ule uliounga nyaya nyembamba kama nywele, ukashuka mara ya tatu.

Tak!

Ng'ombe akaruka, pembe na kwato, akagandama. Na wa nne akamfuata, na wa tano, wakaning'inia wakishikana kama nyuki. Kati ya hamsini, ishirini na tisa walinata. Aleer aliwahesabu mara mbili, maana kwa kuhesabu ng'ombe hakuna aliyemshinda.

"Mmeona?" Nyaboth akanena, sauti imerudi. "Ndani ni chuma, juu imechovywa nikeli. Chuma ni rahisi, ndiyo maana wanakitumia siku hizi. Sumaku inakipenda, na ukikikwangua kinaota kutu. Zile za zamani si za chuma. Zote mbili ni halali. Benki imewafunga zizi moja!"

Aleer akainua sarafu moja juani, akaitazama kwa muda mrefu. "Na mimi nilipaswa kujua," akasema taratibu. "Mtu mwongo hawezi kuchora pembe nzuri hivi."

Kizza akashuka kwenye pikipiki. Akaenda mpaka kwenye jiko, kofia mkononi. "Nyabo," akasema, na sauti ya honi haikuwamo tena, "mimi walinicheka siku tatu. Niliogopa watanicheka tena. Nisamehe."

Daphine alimtazama mpaka Kizza akainamisha kichwa. "Ulinitangaza kwa honi," akasema. "Nenda ukanisafishe kwa honi."

Na Simba wa Honi akaenda. Kutoka Custom hadi Hai Malakal, kutoka Hai Malakal hadi New Site, alipiga honi kila kona akilia, "Daphine safi! Ng'ombe ni ya kuchovya!" Wasiojua habari walidhani ni mkutano wa injili, na wengine wakamfuata.

Jiko likawashwa. Watu wakapanga foleni, wa kwanza akiwa yule mwanamke aliyetazama viatu. Daphine akamwekea chai, akampa chenji, na mwanamke akaitia mfukoni bila kuiangalia.

Hivyo ndivyo Nyaboth, Mfufua-Sauti, alivyozishinda sarafu ishirini na tisa mchana mmoja, wala asipoteze hata waya. Na mtoto wa kike aliyezaliwa jioni ile nyuma ya maduka ya unga, mama yake akiulizwa ni wa lini, hataji tarehe wala mwezi. Husema, "Huyu ni wa siku ng'ombe waliponata," na Custom nzima hujua ni lini.