Vidonge vya Nesi Judy na Unga wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu Velma amepiga simu. Jumamosi anakuja Utange kuniangalia. Akinikuta bado silali, atanihamishia kwake Mkomani na nyumba hii ifungwe. Nimemwambia nalala fofofo. Uongo! Tangu tumzike mke wangu Mapenzi, wiki ya sita sasa, nasikia kila jogoo wa mtaa. Miaka thelathini nililala upande wa ukutani, yeye upande wa mlango. Bado nalala ukutani. Nyumba hii siondoki.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi, zahanati. Nesi Judy amenipa vidonge vya usingizi, kimoja kila jioni. Ameuliza kama natumia dawa za kienyeji. Nikasema situmii. Kweli tupu, kwa saa ile.
Mchana akaja shemeji Kafedha, mdogo wa Mapenzi, na kopo la unga wa mizizi. Kijiko kimoja kwenye uji. Nikamtajia vidonge. Akasema hivyo ni vya watu wasio na mashemeji.

Alhamisi, 6 Juni
Juzi kidonge peke yake: masaa matatu. Jana unga peke yake: masaa matatu. Hesabu nyepesi! Kesho vyote viwili, masaa sita, na Velma atanikuta nimenyoa ndevu, macho meupe.
Ngala, jirani na mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, amepita. Amenitazama sana. Akasema nijitunze, turubai la chama ndiyo kwanza limekauka. Mtu gani huyu!

Jumapili, 9 Juni
Jumamosi asubuhi siijui. Ijumaa jioni nilikunywa vyote, na unga nikaongeza kijiko cha pili, nisije nikapungukiwa.
Velma alifika saa nne. Akagonga, akaita, mwishowe yeye na majirani wakavunja mlango. Naambiwa nilikuwa baridi, pumzi haionekani. Velma akatuma mtu amwite Judy. Kafedha hakungoja, akaangua kilio. Ngala akaleta turubai.
Nilizinduliwa na sauti ya Ngala uani, akiwaambia watu kwamba marehemu alikuwa mbishi ila mpole. Nikajibu kutoka kitandani kwamba mbishi ni yeye. Wanawake wakatimua mbio, chai yote chini!
Kulikuwa na mtu ameketi upande wa mlango, amenishika mkono. Nikamwita Mapenzi. Alikuwa Velma. Hapo ndipo alipolia.
Judy amesema vitu hivyo viwili vikikutana vinatiana nguvu na kubana pumzi. Ilibaki kidogo nisiamke. Akauliza kwa nini nilimficha. Nimfiche nini? Yeye aliuliza asubuhi, unga ulikuja mchana. Kafedha anasema kosa ni la vidonge. Ngala amekunja turubai kwa uchungu kama mtu aliyedhulumiwa.

Ijumaa, 14 Juni
Mkomani. Nyumba imefungwa, ufunguo anao Velma. Vidonge pia anavyo yeye. Kila jioni ananipa kimoja na kunisimamia hadi nimeze. Amesema, baba, ukilala vizuri mwezi mzima, tutazungumza habari za kurudi Utange.
Mwezi mzima! Mimi sina subira hiyo. Ila jirani wa hapa, Bi Mwanatatu, mama wa heshima zake, ana majani ya kuchemsha. Marehemu mumewe aliyanywa mpaka siku ya mwisho.
Judy alikataza unga. Haya ni majani. Naanza leo.