Konsolata Anashuka Ziwani

Ijumaa, 6 Juni 2025. Mbinga.

Mpango umekamilika! Jumapili baba mkwe, Mzee Edmund, anamtaja mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Luisa, kitindamimba wake. Wakwe tuko wawili tu: mimi, na Cuthbert, mume wa dada yake mke wangu. Cuthbert ana sauti nzuri, gari zuri, meno mazuri. Krismasi alimpelekea mzee televisheni. Mimi nilipeleka kalenda. Safari hii napeleka ng'ombe wa maziwa. Televisheni ikamuliwe tuone!

Mke wangu Hilda kauliza kama nimewahi kukamua. Nimemjibu kuwa sisi watu wa Singida tunazaliwa zizini. (Mimi nilizaliwa nyuma ya stendi.)

Jumamosi, 7 Juni. Matiri, kisha Mbamba Bay.

Asubuhi tuko kwa Mzee Bernadi, anayetuuzia ng'ombe, na pikapu ya kuazima. Ukungu bado umelalia mibuni. Ng'ombe anaitwa Konsolata. Macho ya kitawa kabisa. Mzee kasema huyu amezoea kukamuliwa na mkewe, Mama Agripina, akiwa amejifunga kitenge cha njano na akiimba. Bila hivyo hashushi maziwa. Mama akatupatia kitenge bure. Nikakataa. Nikamweleza kwamba mimi ni ofisa ardhi, siongozwi na vitenge. Hilda akakipokea, akakikalia.

Kona za kuteremkia ziwani! Kila kona Konsolata ananilamba kisogo kupitia dirisha la nyuma. Hilda kacheka mpaka machozi. Mara ziwa likatokea chini, buluu tupu, nami nikaanza kucheka bila sababu.

Tulipofika kwake, baba mkwe kamzunguka Konsolata mara tatu, kamshika masikio, kamwamkia. Cuthbert alishafika, na feni. Hakuna aliyeitazama feni. Ushindi!

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Baada ya ibada, wageni wote wameahidiwa chai ya maziwa. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya ukoo mzima. Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Konsolata akageuka akanitazama kama hakimu. Akapiga ndoo teke, ikatua miguuni kwa mchungaji.

Baba mkwe akauliza kwa upole: "Mwanangu, huyu ni wa maziwa au wa kupigia picha?"

Hilda akaleta kitenge. Ningefanyaje? Nikajifunga, mbele ya mama mkwe! Nikaimba wimbo pekee ninaoujua, wa kuhesabu vidole, wa chekechea. Nilipofika kidole cha nne Konsolata akalala chini.

Cuthbert akasema, "Shemeji, hebu niazime hicho kitenge."

Akajifunga. Akaimba besi yake ya kwaya. Konsolata akainuka, na maziwa yakatoka kama bomba limepasuka! Vigelegele. Baba mkwe kacheka mpaka kofia ikadondoka. Nilitaka kununa, nikashindwa. Nami nikapiga kigelegele. Tukanywa chai, tukala mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, tukacheza ngoma mchangani, mimi nikiwa na kitenge cha pili nilichofungwa na mashemeji kwa nguvu.

Uteuzi: Cuthbert, mwenyekiti. Mimi, mjumbe wa kuni.

Jumatatu, 9 Juni. Mbinga.

Nimetafakari. Kosa ni la ng'ombe. Mnyama anayetaka kuimbiwa hana msimamo. Harusi ni Agosti, muda wa kumfunika Cuthbert bado upo. Nimeshampata Sixtus wa kijiji cha Ukata, anauza mizinga yenye nyuki. Nyuki hawakamuliwi! Hawaimbiwi! Sixtus kasisitiza nisafiri nao usiku, midomo ya mizinga izibwe vizuri. Nimemshukuru kwa heshima. Lakini usiku zile kona sizioni, na kiumbe chochote kinahitaji hewa. Tunaondoka Jumamosi saa nne asubuhi, mizinga wazi.

Hilda kasema yeye atapanda basi.